Nyota ya Taka za Mama Neema

Kabla hamjacheka, niseme mwenyewe: niliiba taka. Siyo mahindi wala kuku, ni taka, kwenye shimo la jirani, wiki ya Noeli, mimi mjane mtu mzima ninayeheshimika hapa Mbinga (au niliyekuwa naheshimika mpaka asubuhi ile).

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, maduka yamejaa ghafla vitu tulivyokuwa tumevisahau, biskuti za boksi, maziwa ya kopo, sabuni zilizofungwa karatasi za kumetameta, na kila unachonunua kinatiwa kwenye mfuko wa nailoni, basi Noeli ikipita makorongo yetu yanabaki yamejaa uchafu. Sisi Wamatengo taka zetu ni majani na maganda, tunayafukia kwenye ngolo, yale mashimo yetu ya shambani, yanaoza, yanakuwa mbolea; lakini nailoni ukiifukia leo, ukilima mwakani inakusalimia. Ndipo padri akasema mwaka huu pango la Noeli lipambwe kwa vitu vilivyotupwa tu, asinunue mtu kitu.

Kwenye jumuiya, kazi ya nyota akapewa Mama Neema, mke wa bwana shamba, watu waliohamishiwa kwetu kutoka Mwanza. Hapo moyo ukanichemka. Miaka kumi na moja nyota ya pango letu aliitengeneza marehemu mume wangu, Osmund, kwa fito za mianzi na karatasi, na tulikuwa tumemzika masika ya mwaka huohuo. Nilitegemea angalau mtu ataniuliza. Hakuna aliyeuliza. Wakasema Mama Neema ana mikono, na kweli alikuwa nayo, makopo aligeuza vibatari, nailoni alisuka vikapu.

Nikasema, "Nami nitaleta yangu."

Katekista akanitazama. "Mama Odo, vifaa unavyo?"

"Ninavyo."

Sikuwa navyo. Taka zangu zilikuwa majivu na maganda ya maharage. Lakini za Mama Neema! Kila asubuhi bwana shamba mwenyewe alitoka na ndoo ya taka, kandambili miguuni, anapiga mluzi, anamwaga shimoni, na mkewe anamtania kutoka jikoni, "Baba Neema, usimwage na mfuniko kama jana!" wanacheka. Mimi nachungulia dirishani, najiambia natazama makopo.

Basi wakienda sokoni, naingia shimoni. Mara tatu. (Mara ya pili nikakuta karatasi zimeoshwa na kupangwa juu, nikasonya: watu hawa wanaringa hata kwa taka!) Nikapata boksi gumu la biskuti, nikalikata nyota, na maandishi ya kalamu yaliyokuwepo nikayafunika kwa karatasi za kumetameta bila hata kuyasoma. Osmund gundi yake ilikuwa unga wa muhogo alioununua kwa Wanyasa wa Mbamba Bay, ukikauka ni kama saruji. Mimi sikuwa nao, nikapika uji mzito wa mahindi. Halafu, kwa kuwa wivu haujui kutosheka, nikabandika punje za mahindi kwenye ncha zote tano, ziwe kama taa.

Siku ya Noeli, nyota ya Mama Neema ilikuwa ndogo, safi, yangu kubwa kama ungo. Wakatundika yangu. Nakiri niligeuka nimwone uso. Akanitabasamia, na hilo tabasamu nalo likaniudhi.

Kisha matoleo. Kwetu tunatoa mahindi, maharage na kuku hai, na kuku hulazwa chini kando ya pango, miguu imefungwa. Desturi hiyo nimezaliwa nayo, nikaisahau. Na jogoo aliyelazwa karibu kabisa na nyota alikuwa wangu, siku zote namfunga kuku kwa kamba ya mgomba, siku hiyo nikajifanya wa kisasa, nikamfunga kwa nailoni (ya Mama Neema, ndiyo). Nailoni inateleza. Kwaya inaimba, jogoo akajikung'uta, akasimama, akaona mahindi ya nyota.

Akaruka. Nyota ikaanguka juu ya kondoo wa udongo, jogoo akaanza kudonoa, karatasi zikabanduka pamoja na uji wake, kuku wengine wanajiburuta kumfuata. Katekista akaikimbilia, akabaki na boksi tupu mkononi, akaona maandishi, na kwa kuwa ndiye msomaji wetu wa matangazo, akadhani ni tangazo, akasoma kwa sauti ileile ya Jumapili:

"Kwa dada yangu mpendwa, Mama Neema. Biskuti hizi ni za watoto. Shemeji asizimalize kama mwaka jana."

Kanisa likaangua kicheko, bwana shamba akajifunika uso. Kisha mtu nyuma akauliza, "Sasa boksi la Mama Neema limefikaje kwenye nyota ya Mama Odo?"

Ningeweza kusema alinipa. Nikasimama. "Nililichukua shimoni kwake. Sikuomba. Na jogoo ni wangu." (La jogoo hakuna aliyeniuliza, lakini nikianza kusema kweli sijui pa kuishia.)

Baada ya misa Mama Neema akanifuata nje. "Dada, ulidhani sikujua? Ulipokuja mara ya kwanza nilikuona, nikirudi kutoka sokoni. Ndiyo maana nikawa naziosha, nakuwekea juu usichafuke."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha kuja."

Nikalia palepale, watu wakidhani ni aibu ya jogoo. "Shida yangu haikuwa nyota," nikamwambia. "Taka za kwetu alikuwa anamwaga Baba Odo."

Akanishika mkono. Kesho yake asubuhi nikasikia mluzi unakuja mpaka mlangoni kwangu. "Hodi, dada! Una taka?"

Nikampa ndoo ya majivu, nikasimama mlangoni nikimtazama anavyoibeba. Mkewe bado namwonea wivu, sitawadanganya. Lakini tangu siku ile sijachukua hata mfuniko shimoni kwa mtu bila kupiga hodi, na kwenye nyota sibandiki tena mahindi.