Mashuka ya Mlimani

Juzi, nikingoja treni Miritini, jirani yangu alinionyesha kwenye simu garimoshi jekundu likipanda milima ya Alpi, limejaa watalii, theluji kila upande. Mikono ikaniuma kama zamani.

Mama alikuwa akifua mashuka ya hoteli nyumbani kwetu Kisauni. Tuliyakamua wawili, yeye ncha hii, mimi ile, tukayaanika juu ya michongoma, ua mzima ukanukia sabuni na buluu ya kung'arishia nguo. Alasiri moja alirudi na kalenda aliyopewa na mgeni. Ilikuwa na picha ya garimoshi kama hilo, na milima myeupe tupu. Nilipoiona tu nikachoka.

"Mama, mashuka yote haya ya mlimani hufuliwa na nani?"

Hakucheka. Aliitazama kalenda, vidole vimekunjamana kwa maji.

"Sijui, mwanangu. Mungu amsaidie."

Miaka ikapita. Nilipofundishwa shuleni kuhusu theluji, nilimkimbilia pale pale kwenye karai.

"Mama, kumbe ni maji yaliyoganda! Hakuna anayeyafua."

"Alhamdulillahi," akasema, akinipa ncha ya shuka. "Basi ni sisi tu."