Wanawake Walionipotelea Kwenye Jedwali

Kila nikenda harusini Ibra, kwetu Oman, huulizwa swali lilelile, na muulizaji huwa keshajaza halua mdomoni: "Ati wewe umesomea nini khasa?" Nami hujibu vilevile, sipunguzi wala sioni haya: nimesomea historia ya uchapishaji wa riwaya za Australia. Halafu mtu mzima mmoja husema "Mashaallah" kwa sauti ile ya kumsifia mtoto aliyechora ng'ombe mwenye miguu mitano. Sasa nacheka. Zamani nilikuwa nikikasirika mpaka masikio yanapata moto.

Mimi ni mtu wa maktaba. Nafanya kazi chuoni Nizwa, na kazi yangu ni kuvitambulisha vitabu: nani kaandika, nani kachapisha, mji gani, mwaka gani, kurasa ngapi. Kitabu kikishapita mikononi mwangu hakipotei, na hilo nalisema kwa kifua mbele. Nilipopata nafasi ya kusomea udaktari wa falsafa kwa masafa katika chuo kimoja cha Australia, msimamizi wangu, bibi mpole mwenye nywele nyeupe, alinieleza kwamba wenzake wengi huchukua riwaya chache mashuhuri wakaandika juu ya hizo maisha yao yote. Yeye alitaka mtu wa kukusanya taarifa za riwaya zote, zenye jina na zisizo na jina, zilizochapishwa kwao na zilizochapishwa London, za jalada gumu na zile rahisi za kusomwa kwenye treni. Zote ziingie kwenye jedwali moja, kisha jedwali liulizwe: nani alikuwa akiandika, nani akichapishwa, na wapi? Nikamwambia, basi umempata.

Mama yangu kazaliwa Unguja mjini, na mpaka leo akikasirika hukasirika kwa Kiswahili. Kazi hii haikumwingia akilini hata kidogo.

"Yaani unasomea riwaya, na riwaya zenyewe huzisomi?"

"Nasoma ukurasa wa mwanzo, mama. Jina la mwandishi, mchapishaji, mwaka."

"Lo! Mpishi gani huyo asiyeonja?"

Jedwali likakua. Nilikuwa nikivuna kila pahala: katalogi za maktaba, matangazo ya zamani ya wachapishaji, magazeti yao ya kale ambayo siku hizi yamo mtandaoni. Lilipokuwa kubwa likaanza kusema. Lilisema kwamba wanawake wa Australia waliingia kwenye riwaya kwa nguvu, tena mapema, lakini mmoja mmoja akitoa kitabu kimoja au viwili, basi, hasikiki tena. Wanaume waliendelea mpaka uzee. Wanawake walinyamaza wakiwa bado wabichi.

Nilipandwa na hasira kana kwamba ni dada zangu. Nikaandika sura nzima, na sura hiyo ikawa moyo wa tasnifu yangu: nani aliwanyamazisha? Niliwatukana waume wa Australia waliokufa zamani, mezani, gari ikienda, mpaka mume wangu, mtu wa Manah ambaye hajapata kunikataza kitu, akauliza, "Na mimi nimo?" Alikuwako msichana mmoja aliyeniumiza zaidi kuliko wote. Alitoa riwaya moja ya mji wa wafuga kondoo, kisha hakuna. Nilichokuwa nacho ni jina lake, mwaka na hesabu ya kurasa, lakini nilimlilia kama maiti wa nyumbani.

Msimamizi aliipenda sura ile. Siku ya kuitetea tasnifu mbele ya watahini ikapangwa, na mimi nikaanza kupokea hongera kabla ya wakati.

Ijumaa moja tukampeleka mama Misfat al Abriyeen, kijiji cha mlimani, kupunga upepo. Tulikula mchana kwenye nyumba moja ya wageni, juu ya mitende, na mkeka wa pili alikaa bibi wa makamo ya mama, peke yake, na kofia pana. Mama hawezi kukaa karibu na mtu bila ya kumuuliza. Kwetu mgeni huulizwa khabari ya safari, ya afya, ya watoto, kisha anaulizwa yeye ni wa nani. Kuuliza si ujinga, husema, na asiyeulizwa atajiona hatakiwi. Nikawa mkalimani. Bibi akasema katoka Australia, akataja jina lake lote, na mimi nikaruka, kwa sababu jina lile la ukoo nilikuwa nalo kwenye jedwali. Lilikuwa la mwandishi mwanamume wa zamani.

"Yule mwandishi mwenye jina hili ni wa upande wa baba yako?" nikamuuliza, nimefurahi kama niliyekutana na jamaa.

Akacheka. Akasema jina lile si la babake, ni la mumewe. Kabla ya huyo alikuwa akitumia jina la mume wa kwanza. La babake aliliacha siku alipoolewa, msichana mdogo.

"Kasemaje?" mama akauliza. Nikamtafsiria.

Mama akaweka kikombe chini. "Kaliacha jina la babake? Kwa ajili ya mume? Subhanallah! Usiache mbachao kwa msala upitao, na huyu keshapitiwa na misala miwili!"

Hilo sikumtafsiria bibi wa watu. Nilicheka mpaka machozi, halafu kicheko kikanikwama.

Si kwamba nilikuwa sijui. Hata mtoto anayetazama filamu anajua kwamba kule mwanamke akiolewa hubadili jina. Lakini kuna unachokijua na kuna ulichokizoea, na kompyuta nilikuwa nimeiandikia nilichokizoea. Mimi nimeolewa siku nyingi na bado ni binti wa babangu, na mama ni binti wa babake mpaka kaburini. Aliyeolewa kwetu hubadili nyumba, habadili baba. Basi kanuni yangu ya kuwatenganisha waandishi ilisema: jina la ukoo likiwa jingine, huyo ni mtu mwingine. Tena kanuni nilipoiandika sikuifikiria hata dakika, ilinitoka kama mate. Na msimamizi wangu naye hakustuka, maana jedwali lilimwambia jambo ambalo wengi kwao walikuwa tayari kuliamini.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wamesema wahenga. Mimi siku ile nilitaka ardhi inimeze. Wali sikuumaliza, na njia nzima ya kurudi Nizwa mume wangu alikuwa akinitazama kwa pembeni.

Asubuhi yake nilimpigia msimamizi kwa video, nikamweleza yote. Akavua miwani, akaifuta. Kisha akasema kwa upole wake kwamba siku imeshakaribia, niongeze aya moja ya tahadhari, niseme majina ya ndoa huenda yamepunguza usahihi, na watahini wataridhika.

"Sitaki aya," nikasema.

"Fikiri. Sura hii ikianguka, tasnifu itasimama juu ya nini?"

Nilikuwa nimeshafikiri, usingizi wangu wote niliumalizia hapo. Ikiwa wale wanawake waliendelea kuandika, basi hakuna mume aliyewanyamazisha. Niliyewanyamazisha ni mimi, kwa kanuni yangu ya mstari mmoja. Nikaomba siku ya kutetea iahirishwe. Chuo kikakubali, lakini mara moja tu: muhula ujao niwe tayari, la sivyo faili lifungwe na jasho langu lote la miaka liende bure. Nikasema inshaallah.

Kazi ilikuwa hii: kila mwanamke aliyepotea, nimtafute kama aliolewa, na kama aliolewa, nimtafute kwa jina la mume. Lakini kuunga majina ovyo ni khatari kuliko kuyaacha. Wako akina bibi wangapi wenye jina moja? Hapo nikakumbuka tunavyofanya nyumbani. Mtu akija kuposa haozwi kwa jina lake. Kwanza huuliziwa. Anaulizwa jirani, anaulizwa aliyesoma naye, jamaa wa mji wa Sur anapigiwa simu, wa mji wa Adam anapigiwa simu: babake nani, mamake katoka wapi, walihama lini, ndugu zake wako wapi? Shahidi mmoja haozeshi. Nikaifanya ndiyo kanuni yangu mpya. Simwungi mwanamke na jina la pili mpaka baba, mji na ndugu wakubaliane, na wanaonipa khabari wawe zaidi ya mmoja, tena wasiojuana.

Baada ya alfajiri nilikuwa nimeshakaa. Matangazo ya harusi kwenye magazeti ya miji midogo, khabari za maziko, na vitabu vyenyewe, kwa sababu sasa ilinibidi nivifungue: "Kwa mama yangu," "Kwa kaka yangu aliyeko shambani," dibaji, shukrani. Mara nyingi niliingia kutafuta jina la ndugu, nikajikuta nimefika ukurasa wa hamsini na chai imepoa. Mama alikuja kukaa nasi Nizwa wakati huo, akawa ananipitia na kahawa yake.

"Leo umemwoza nani?"

"Huyu hapa, mama. Kaolewa na daktari wa mifugo, jina la pili hili."

"Babake nani?"

"Babake bado sijamwona."

"Basi mwache, bado hajaozwa." Akaenda zake jikoni, na mimi nikarudi magazetini nikinung'unika, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kanuni yangu mwenyewe.

Wako walionyamaza kweli. Siwezi kusema uongo, wako, na niliwaacha mahali pao na majonzi yao. Lakini wengine, wallahi! Huyu anaacha jina moja mwaka huu, anaibuka na jingine mwakani kwa mchapishaji mwingine, mji mwingine, na riwaya nyingine tatu. Yule kafiwa, kaolewa tena, na jina la tatu linaandika kuliko mawili ya mwanzo. Jedwali lilikuwa likigeuka mbele ya macho yangu.

Na msichana wangu wa mji wa kondoo? Gazeti dogo lilitangaza kaolewa kanisani kwao, binti wa bwana posta. Miaka mingi baadaye, upande wa pili kabisa wa nchi, bibi mmoja mwenye jina la ukoo la mume yule aliandika kwenye dibaji kwamba kitabu chake cha kwanza alikiandika nyuma ya kaunta ya posta ya babake. Nikakifungua kitabu cha msichana wangu, nikakuta kamtunukia mdogo wake wa kiume, na jina kalitaja. Nikaitafuta khabari ya maziko ya bibi huyu, na mdogo mtu alikuwamo, jina lilelile, mji uleule. Kati ya vitabu hivyo viwili kulikuwa na rafu nzima. Aliandika mpaka uzeeni!

Nilipiga ukelele. Mama alikuja mbio na upawa mkononi, unga unamtoka. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu, mama. Kaonekana!"

Siku ya kutetea ilinikuta Ibra, nyumbani kwa mama, majlisini, maana alisema mtoto wake hatahiniwi kama mtu asiye na kwao. Alikaa nje ya kamera, na nguo zake za Idi na tasbihi. Watahini walikuwa wapole, isipokuwa mmoja, bwana mwenye uso mkavu. Alisema, "Jibu lako la kwanza umelitupa mwenyewe. Kwa nini tuamini la pili?"

"Kwa sababu la kwanza sikuliulizia," nikasema. Nikamweleza tunavyouliza kabla ya kumtoa binti yetu, nani huulizwa, na kwa nini shahidi mmoja hatoshi. Kisha nikamfungulia njia nzima ya binti wa bwana posta, ushahidi juu ya ushahidi. Akasema jina la pili la bibi yule analifahamu, nyumbani kwao vilikuwako vitabu vyake, na hakujua kama kabla ya hapo alikuwa mtu mwingine.

"Hakuwa mtu mwingine," nikamwambia.

Akatabasamu, naapa. Wakanitoa, wakanirudisha, wakanipa udaktari wangu, na wakataka jedwali lile liwekwe wazi kwa kila mtafiti. Nilijivuna. Nilijivuna pale kitini, na hata leo sijaona kwa nini niinamishe kichwa.

Mama hakungoja nizime kompyuta. Alishika simu akaanza kuwatumia shangazi zangu sauti, wa Sur, wa Adam, na yule aliyebaki Unguja. Nilidhani atasema mwanawe kawa daktari, kwa kuwa neno hilo alilingoja kuliko mimi. Hakulisema.

"Sikilizeni," alisema. "Mwanangu kawakuta wanawake wa watu wamekatwa mapande, hapa jina la baba, kule jina la mume, hata hawatambulikani. Kawaunga. Kila mmoja kamrejesha kwa babake, na vitabu vyake vyote mkononi."

Alipomaliza alinigeukia, akaniuliza kama kakosea. Nikamwambia hajakosea hata neno moja.