Alhamisi Ukumbi Ulipofungwa

Bi Skolastika Mapunda alifua mashuka ya hoteli za Mji Mkongwe miaka ishirini na mbili, na vitambaa vya altare vya parokia yake miaka hiyo hiyo, bila kugombana na mtu. Hasira alikuja kuijua siku binti yake, Emerensiana, alipofukuzwa kwaya. Hakuiba kitu. Alisinzia tu katikati ya Misa, udenda unamtoka, na kila aliyemwona alijua ni unga wa kulevya.

"Mpeleke bara," wanawake wa jumuiya walimwambia. "Hapa anatuaibisha mbele ya Waislamu."

"Waislamu gani? Hao ambao watoto wao wanavuta pamoja na wangu?"

Alikwenda kwa paroko, Padri Pankrasi, akamwomba ukumbi kila Alhamisi alasiri, ili familia zenye wagonjwa wa unga zikae na kufunzana namna ya kuishi nao bila kuwapiga wala kuwafungia. Padri alikubali. Walianza watatu. Mwezi wa pili walifika kumi na wanne, wagonjwa wenyewe wakiwemo, na muuguzi akaja kuwaeleza habari za methadoni, dawa ya kuacha unga inayonywewa hospitali kila siku. Emerensiana akaanza kuinywa.

Bi Thuwaiba alitokea mtaa wa Malindi, akaingia kwa mlango wa nyuma, uso kaufunika.

"Sikuja kubadili dini, Bi Skola."

"Nani kakutaka dini? Kaa, unywe chai."

Mwanawe, Ayoub, fundi wa kuchonga milango, alikuwa amefungwa minyororo miezi mitatu kwenye nyumba ya shamba iliyojiita ya tiba. Alirudi na vidonda miguuni na kiu ile ile ya unga. Alhamisi moja alimfuata mama yake ukumbini. Ya pili akaja mwenyewe, na kabla ya kuondoka akasema, "Bi Skola, nshaamua. Wiki ijayo nnakuja hapa Alhamisi, Ijumaa asubuhi unipeleke hospitali. Peke yangu siwezi."

"Ntakupeleka mwanangu."

Alhamisi hiyo Skolastika alifika saa tisa na nusu akakuta kufuli jipya mlangoni. Padri alikuwa Pemba. Mzee Kleto, mwenyekiti wa halmashauri ya walei, alisimama barazani na funguo mkononi.

"Nimewarudisha watu wako. Siku moja mateja hawa wataiba vinara vya altare."

"Wameiba?"

"Bado."

"Ayoub alikuja?"

"Yule Mwarabu mwembamba? Alikuja mapema. Nilimwambia hapa si msikitini."

Skolastika alishuka barazani. Alimtafuta Ayoub Darajani, akamtafuta Forodhani, akaingia vichochoro ambavyo hakuwahi kuvikanyaga, akiuliza watu waliomgeuzia uso. Ijumaa asubuhi maiti ya Ayoub ilionekana kwenye gofu moja huko Malindi, bomba la sindano bado limo mkononi.

Msibani Skolastika alikaa mkekani karibu na Bi Thuwaiba.

"Alipiga pasi shati lake mwenyewe Alhamisi," Bi Thuwaiba alimwambia. "Hajapiga pasi mwaka mzima."

Jumapili, wakati wa matangazo, Skolastika alikwenda mbele bila kuitwa. Akawageukia waumini.

"Kijana alikuja kwenye mlango wetu kuomba kupona. Tukamfukuza. Tumemzika juzi. Nimefua vitambaa vya altare hii miaka ishirini na mbili, na leo naona haya kuvigusa. Mnaogopa vinara! Vinara mnaviwekea kufuli, watoto mnawaacha wafie magofuni!"

Mzee Kleto alikuwa akiitazama sakafu. Padri Pankrasi, aliyekuwa amerudi kutoka Pemba, alisimama, akamtaka mzee funguo mbele ya watu wote, akampa Skolastika.

Alhamisi iliyofuata Bi Thuwaiba alirudi, ingawa hakuwa tena na mgonjwa. Siku hiyo kulikuwa na mama mgeni kutoka Mkokotoni, Mwanapili, aliyekuwa akilia kwamba nduguze wanataka kumfunga mwanawe kamba.

"Asifungwe," Bi Thuwaiba alimwambia, na sauti yake ilikuwa kali kuliko ya Skolastika. "Mimi nilikubali wangu afungwe. Kesho asubuhi tunakwenda hospitali, mimi na wewe na yeye."

Wakaenda. Kijana yule bado anakunywa dawa. Emerensiana naye aliteleza mara moja mwezi wa Ramadhani, akarudi kwenye dawa.

Na Mzee Kleto? Kwenye Misa, padri alipowaambia waumini watakiane amani, mzee alipita safu tatu za viti mpaka kwa Skolastika akamnyooshea mkono. Skolastika alimtazama usoni, wake akauacha ulipo. Mkono wa mzee ukabaki hewani, watu wanaona.

Baada ya Misa Padri Pankrasi alimwita pembeni. "Mama, tunatakiwa kusamehe."

"Najua, Baba. Namwomba Mungu anifikishe huko. Sijafika."