Gari la rimoti la sinia na dumu, na jinsi nilivyopata kuitwa fundi Mahajanga

Wakuu, heshima kwenu, mliokaa na mliosimama kwenye foleni mkiperuzi.

Nachapa kwa kidole kimoja na shule yangu iliishia darasa la tatu, kwa hiyo herufi zikigongana mzisamehe. Yote nitakayosema ni kweli. Pale nilipodanganya watu, nitawaambia hapa nilidanganya.

Nianze na kanzu.

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilishuka kisiwa cha Nosy Be, huko Bukini, yaani Madagaska, nikitokea Tanga. Nilikuwa msaidizi wa injini kwenye meli ndogo ya mizigo. Injini ikafa, tukakaa wiki sita, na ndani ya wiki sita mimi nikapata mchumba. Meli ikapona ikaondoka. Mimi sikupona.

Mchumba jina lake Zaina. Baba yake, Mkomoro wa pale mjini Hell-Ville, akasema binti yake haolewi na suruali yenye grisi. Akanipeleka kwa mshonaji.

Nikamsalimia yule mshonaji kama tunavyosalimia kwetu: "Fundi, habari za kazi?"

Akacheka mpaka pini zikamtoka mdomoni.

Ndipo mkwe akanieleza. Kwao, ukisema fundi tu bila kuongeza neno, watu wanamwona mwalimu wa chuo, anayesomesha Qur'ani na kuwasomea wagonjwa. Mtu wa cherehani ni mtu wa cherehani, basi.

Yule bwana alinishonea kanzu ndefu kupita kiasi. Nikamwambia inaburuta. Akasema, "Utarefuka." Nilikuwa na miaka ishirini na tano.

Niliivaa siku moja tu, ya ndoa. Ikaingia sandukuni na vidonge vya nondo ikakaa miaka arobaini. Iacheni humo kwanza.

Nikapata kazi kiwanda cha sukari cha Dzamandzar, upande wa pampu na vinu. Waliniita mekanisiyeni, yaani mtu wa mashine. Wengine waliniita Bwana Tanga. Lakini fundi, kwa maana ile yetu, sikuitwa tena. Baba yangu aliitwa fundi mtaa mzima mpaka kwenye kaburi lake. Mnaweza kucheka, lakini nililikosa neno lile kama mvutaji anavyokosa sigara mchana wa Ramadhani.

Kiwanda kikafungwa. Hata umekanisiyeni ukafa. Nikabaki dadilahy, yaani babu. Kila mtu dadilahy. Hata wazee wenzangu!

Sasa gari.

Kule Andilana, kwenye mahoteli ya ufukweni, kuna mlinzi alikuwa na pampu mbovu ya kisima. Nikamtengenezea. Akanipa asante yake: gari la mashindano la rimoti, la zamani, liliachwa na mgeni mmoja Mzungu ambaye hakurudi. Urefu wake kama mkono mpaka kiwiko. Kuku alikuwa ametagia ndani.

Chasi imepasuka katikati. Betri zimevuja. Beringi hazikuwa beringi, ni vipete vya plastiki vilivyolika mpaka magurudumu yanacheza kama meno yangu.

Nikasema hili nitalijenga upya, na nitali-upgrade, kwa bajeti ya vilivyomo nyumbani.

Beringi nikatoa kwenye printa mbovu. Betri nikatoa kwenye drili iliyokufa, nikazipanga upya na kuzilehemu moja moja. Swichi ya mwendo ya zamani ilikuwa inapasha moto waya mpaka inanuka, nikaitupa, nikaweka kitufe cha ile ile drili, kinabonyezwa na mota ndogo ya rimoti. Hapo mwendo ukawa laini kabisa. Rivasi tu ndiyo ilipotea. Lilikuwa linajua kwenda mbele peke yake.

Matairi nilikata kwenye ndala. Mafuta ya shokomzoba nilichanganya ya cherehani na ya gia, nikijaribu kwa kidole mpaka uzito ukakubali. Difu nikaijaza grisi nzito ili magurudumu ya nyuma yasigombane kwenye kona. Bodi dumu la mafuta ya kula, la njano. Antena ubavu wa mwavuli.

Chasi ndiyo ilinisumbua. Inatakiwa bati gumu, lililonyooka.

Hapa nakiri. Nilikata sinia la Zaina.

Aligundua siku ya wageni. Akasimama mlangoni na sufuria ya wali mkononi, akaliangalia gari, akaniangalia mimi.

"Mume wangu, sinia langu linakimbia kiasi gani?"

"Sana."

"Basi likimbize likalete wali."

Mjukuu wangu wa kike akalipiga picha gari, akaiweka kwenye kundi la Facebook la watu wa magari ya rimoti. Ndipo akatokea Rivo. Huyu ni muuza spea za pikipiki wa Mahajanga, ana gari jipya la dukani, na nyuma ya nyumba yake Belobaka ana uwanja wa saruji ambako wenzake wanakuja kushindana kila Jumapili.

Akaandika, kwa Kimalagasi, nawatafsiria: "Dadilahy, hilo ni gari au chombo cha kuokea keki?"

Nikamjibu asubiri lijaribiwe kwanza.

Akasema, "Lilete. Likinipita, nitakuita maître, bingwa wa kazi, mbele ya watu wote."

"Usiniite maître. Niite fundi."

"Fundi kwa maana gani?"

"Maana ile ile."

"Haya. Likinipita nitakuita fundi, tena mara tatu."

Wakuu, sikulala vizuri wiki nzima. Mzee mzima!

Nikampigia Abdou, kaka yake Zaina, anayekaa Mahabibo, mtaa wa Wakomoro pale Mahajanga. Nikamwambia kwa furaha yangu, "Shemeji, watangazie kabisa, fundi anakuja."

Kosa la kwanza hilo.

Zaina akanifungashia begi. Gari nikalizungushia ile kanzu ya harusi, kwa sababu ndiyo nguo nene na haina kazi, kisha plastiki. Na yeye bila kuniambia akaweka chupa ya achari ya embe, zawadi ya kaka yake.

Njiani chupa ikapasuka, achari ikala nguo zangu zote. Suruali mbili, mashati matatu, vyote manjano ya bizari. Nilizovaa zilikuwa nyekundu kwa vumbi la njia ya siku mbili. Kilichobaki safi ni kile kilichokuwa ndani ya plastiki.

Basi nikashuka mlangoni kwa Abdou nimevaa kanzu.

Nikakuta viatu vimejaa nje. Abdou akanivuta pembeni, uso umemjaa jasho. "Shemeji, mtaa hauna fundi. Wetu amekwenda Komoro kwa ndugu zake. Niliposema fundi anakuja, wamekusanyika. Kuna hitima."

"Waambie mimi ni wa mashine."

"Waambie wewe. Mimi nakaa na hawa watu."

Nikachungulia. Wazee wote wakainuka. "Fundi! Karibu, Fundi!"

Na hapa ndipo nilipodanganya. Ningeweza kusema neno moja tu. Lakini lilivyoingia sikioni, wakuu, jinsi wanavyolitamka kwa heshima, na mto wameshaniwekea mbele, na pilau inanukia... nikakaa.

Fatiha naijua. Zile sura fupi tatu za mwisho nazijua. Kwenye Yasini nilishusha sauti, nikawa nafuata midomo ya jirani yangu.

Baada ya kula akaja Koko Eshati. Koko ni bibi, na huyu ni bibi wa mtaa mzima, anatembea ameshika ukuta kwa sababu ya magoti. Ana chupa ya maji.

"Fundi, nisomee."

Nikasoma zile tatu ninazozijua. Nikapuliza. Moyoni nikamwomba Mungu anisamehe, na amsaidie mama wa watu bila kuangalia aliyesoma ni nani.

Asubuhi Koko Eshati akapita barabarani bila kushika ukuta.

Abdou akaniangalia. "Shemeji, umefanya nini?"

"Sijafanya kitu!"

"Basi usifanye tena. Na huko Belobaka usiende. Mtu aliyesomea magoti ya Koko hawezi kuonekana anakimbiza kidoli."

Nikamwambia kidoli ni wewe. Nikaenda, kwa mlango wa nyuma. Nguo zangu bado zilikuwa kwenye kamba na mke wa Abdou ameshakata tamaa na ile bizari, kwa hiyo nilikwenda na kanzu ile ile, nimeipandisha kwa vibanio vya nguo isiburute.

Rivo aliniangalia juu mpaka chini. "Umekuja kuoa?"

Wenzake wakacheka. Nikatoa gari. Wakacheka zaidi. Mmoja akagonga chasi kwa ukucha, ikalia kama sinia, kwa kuwa ni sinia.

Mizunguko kumi. Gari la Rivo likatoka kama risasi, sikuliona tena isipokuwa lilipokuwa linanipita. Mizunguko mitatu nilikuwa kichekesho.

Lakini kona za pale zina mchanga. La kwake jepesi, limeinuka juu, matairi magumu, kila kona linateleza, mzunguko wa nne likapinduka, wa sita likapinduka tena. Langu limelala chini kwa uzito wa sinia, ndala zinashika saruji kama mdai anavyomshika mdaiwa, difu imetulia. Sikukimbia. Nilikuwa tu sianguki.

Mzunguko wa nane nikampita. Wa tisa wenzake wakasogea ukingoni kuona. Wa kumi nikamaliza mbele, na dumu langu la njano halina hata mkwaruzo.

Nilikuwa nimeshaandaa maelezo, wakuu. Njia nzima ya siku mbili niliyaandaa. Uzito, beringi, grisi. Nikafungua mdomo.

"Fundi!"

Siyo Rivo. Koko Eshati, getini, na wamama wawili nyuma yake. Ametembea kutoka barabara kuu kwa miguu yake.

"Fundi, tumekutafuta! Mke wa Abdou ndiye katuelekeza huku. Nyumbani kwangu wamekuja watu kumi na mmoja na chupa zao."

Rivo akageuka. "Mama, unamfahamu?"

"Simfahamu? Kanisomea magoti jana. Tazama!" Akachuchumaa, akainuka.

Rivo akajipiga paji la uso. Kila mtu Mahajanga, awe wa dini yoyote, anajua fundi ni nani.

"Kumbe! Ndiyo maana ulikataa maître! Nikajiuliza, sinia linawezaje kunipita? Umelisomea!"

"Hapana. Sikiliza. Ile difu nimeijaza..."

"Fundi, usijifiche."

"Beringi zimetoka kwenye printa!"

"Na zikapata dua," akasema mwingine, na wote wakaitikia kwa kichwa.

Rivo ni mtu wa ahadi, siwezi kumsema vibaya. Akasimama katikati ya uwanja, akavua kofia, akasema mbele ya watu wote. "Fundi. Fundi. Fundi."

Kisha akachukua gari lake la dukani, akaniletea kwa mikono miwili.

"Na hili nisomee."

Wakuu, funzo nililopata. Ukijenga gari la zamani anza na beringi, mota baadaye. Uzito uweke chini. Achari isikae na nguo. Na neno ukilitaka sana, kwanza uliza kule unakokwenda linamaanisha nini, na kama unajua jibu tayari kama mimi, basi usikae kwenye mto.

Komentini, nitasoma zote. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje, na watu kumi na mmoja wanasubiri na chupa? Anayejua dawa ya bizari kwenye shati naye aseme.

Mimi nilifanya hivi. Nikampa Koko Eshati gari langu alishike, rimoti nikaiweka juu ya ukuta, nikasema nakwenda kutawadha. Wakanipisha njia, wengine wameinamisha kichwa.

Bomba lilikuwa kushoto. Kulia ni barabara kuu, na magari yote ya kutoka mjini kwenda bara yanapita pale Belobaka.

Nikachomoa vibanio, kanzu ikashuka mpaka chini, nikapinda kulia.

Sijarudi.