Tumbo la Ukuta

Kabla ya kupiga picha yoyote, Donatille aliipulizia lenzi pumzi ya mdomo, akaifuta kwa pindo la kitenge, akaitazama juani, ndipo akaibana kwenye simu. Alifanya hivyo hata bibi harusi akiwa amechoka kutabasamu. Lenzi zake zilikuwa tatu, ndogo kama vifuniko vya soda, za bei rahisi kabisa: moja ya kuvuta vya mbali, moja ya kupanua, moja ya kuona vitu vidogo kwa karibu. Simu yenyewe ilikuwa ya kawaida tu.

Alikulia Bujumbura, akaja Kigali msichana mkubwa, akapanga Nyamirambo na hakuhama tena. Mtaa ulimjua kwa mambo mawili: vifuniko vyake na woga wake. Aliogopa mbwa, aliogopa radi. Akipanda moto, pikipiki ya abiria, alifumba macho tangu anakaa mpaka anateremka. Alida, fundi cherehani aliyemwita kila alipotaka nguo zake zipigwe picha, hakuacha kumcheka.

Kwenye sherehe za kuposa, familia mbili huketi zikitazamana chini ya mahema, na kila mzee anataka aonekane. Hapo ndipo Donatille alipoitumia ile ya kupanua. Ila ilikuwa na kasoro: iliwapinda wa pembeni, na aliyekaa mwisho wa safu alitoka na shavu kama tikiti. Basi pembeni aliwaweka wembamba.

"Mimi niweke katikati, mama," mjomba mmoja alimwambia. "Kunenepa nimeshanenepa mwenyewe."

Mwezi wa Aprili, Alida alimwita apige picha mishanana mitatu, nguo za harusi za kufunga begani, iliyoning'inia kambani uani. Uani pale palikuwa pembamba. Vyumba vilikuwa viwili: kimoja cha Alida na bintiye Uwase, kingine cha bibi Mukamana, ambaye masikio yalikuwa yamekwisha. Nyuma ya kamba ulisimama ukuta wa Gasana, jirani wa juu mlimani, aliyekuwa akijaza udongo nyuma ya ukuta huo ili apanue kiwanja chake. Donatille alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango wa bibi, akapiga.

Walipoitazama picha, ukuta ulikuwa na tumbo.

"Yewe, Dona! Vifuniko vyako vimeupa ukuta wa Gasana mimba!"

Donatille alicheka, kisha akaacha. Nguo za pembeni zilikuwa zimepinda, kama kawaida. Lakini tumbo lilikuwa nyuma ya nguo ya katikati.

"Katikati haipindi," alisema.

"Leo imepinda."

"Haipindi, Alida."

Alibandika lenzi ya karibu, akausogelea ufa wa ukutani uliokuwa mwembamba kama uzi. Kwenye kioo cha simu ufa ule ulikuwa korongo. Ndani yake mzizi wa nyasi ulikuwa umekatika, na mahali pa mkato palikuwa peupe, pabichi.

"Huu umekatika leo," alinong'ona, kana kwamba ukuta ungemsikia.

Wakampelekea Gasana picha. Aliitazama akiwa amesimama getini, akatabasamu.

"Mama, kwa lenzi hiyo hata mimi niko na kichwa cha papai. Si ndiyo ulitufanyia kwenye harusi ya dada yangu? Bado tunachekana nyumbani." Akafunga geti taratibu.

"Hamieni kwangu," Donatille alimwambia Alida njiani.

"Na nguo za watu? Harusi iko Jumamosi. Nikimaliza, nitakuja."

Kuanzia hapo Alida alishona sikio likiwa ukutani. Mashine ikinyamaza, alisubiri. Uwase alikatazwa kucheza uani. Kila asubuhi Donatille alikuja, akapiga picha ya ufa palepale, wakazilinganisha. Uzi uligeuka kamba ya kiatu. Alida alitaka kuamini kwamba ni kivuli, na mara nyingine alikaribia kuamini.

Ijumaa mvua ilianza mchana, nzito, ya kupiga mabati mpaka watu wasisikilizane. Alida alikuwa anapiga pindo la mwisho aliposikia kitu kidogo: jiwe likianguka ndani ya beseni la maji nje. Kisha la pili. Alikuwa ameinuka tu, Donatille akaingia akihema, ameloa, amefika kwa moto.

"Toka!"

Safari hii Alida hakubisha. Alimbeba Uwase, Donatille akakumbatia nguo, wakakimbia mpaka kichochoroni. Pale ndipo Alida alipomkumbuka bibi Mukamana, ambaye mchana hulala, na ambaye hata radi haimwamshi. Akageuka kurudi. Mkono wa Donatille ukamshika, ukamsukumia nguo kifuani.

Bibi alitoka akiwa na kiatu kimoja, kama mtu aliyesukumwa kwa nguvu kutoka nyuma. Aliyemsukuma hakutoka. Ukuta uliteremka pale katikati, pembe zake mbili zikabaki zimesimama.

Watu humuuliza Alida kuhusu kishindo, naye hakikumbuki. Anachokumbuka ni uso wa mwanamke yule kichochoroni, maji yakimchuruzika, kabla hajamwachia mkono na kukimbia kurudi uani:

"Naogopa, Alida. Naogopa sana. Mshike mtoto vizuri."