Nilivyoiunguza Kahawa ya Mama Eliza

Marehemu baba aliniachia vitu viwili: dele la shaba la kumiminia kahawa, na Mzee Athumani. Dele halina maneno. Mzee Athumani naye hana maneno, na hapo ndipo taabu yangu ilipoanza. Tangu nirithi kazi ya baba ya kuuza kahawa barazani kwetu Ngamiani, Tanga, rafiki yake huyu wa ujana huja kila alasiri baada ya swala, hupokea kikombe, hunywa nusu, hukiweka chini kwa adabu na kusema, "Alhamdulillahi." Nusu! Kikombe chenyewe hakizidi yai. Wenzake nao wakaanza kumwiga, nikaona baraza ya baba inanifia mikononi. Nilikuwa na hakika kosa si langu, ni la buni za sokoni. Basi nikafunga safari ya Usambara, nikatafute buni itakayomfanya mzee yule amalize kikombe.

Saa kumi na mbili asubuhi niliiacha Tanga nikiwa na kanga tatu, sweta la kuazima na pakiti mbili za kashata. Mombo nilibadili gari, na hapo barabara ikaanza kupanda kwa kona zisizo na huruma. Soni nilivaa sweta. Lushoto nikaongeza kanga mbili. Nilipofika kijijini, juu kabisa ya Mlalo, nilikuwa nimeuvaa mzigo wangu wote isipokuwa kashata.

Mwenyeji wangu alikuwa Mama Eliza, mjane mwenye miti ya kahawa chini ya migomba yake. Nilielekezwa kwake na shoga yangu anayeuza mboga za milimani huko sokoni kwetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari. Mbona watetemeka hivyo, na leo kuna joto?"

Akaniletea chai. Nikaitazama ile chai, nikamtazama na yeye.

"Mama, kahawa je?"

"Kahawa ni ya kuuza," akanijibu. "Nani anywe?"

Nilicheka hadi chai ikanipalia. Mwanamke huyu amelima kahawa tangu aolewe, na hajui ladha yake!

Alasiri tulikwenda shambani kuchuma. Nikajitia hodari, nikajaza kikapu upesi. Mama Eliza akakipokea, akaketi, akaanza kuziondoa moja moja buni zangu za manjano na za kijani. Kwake zinachumwa nyekundu tupu. Zikifika nyumbani humwagwa majini, zinazoelea hutupwa, kisha humenywa, huoshwa na kuanikwa juu ya vichanja, na kila mara mtu huzigeuza kwa mkono. Kikapu changu kilibaki na robo. Nikarudi mitini kuanza upya.

Jioni akanieleza sababu ya makini yote ile. Kesho yake mwonjaji wa kahawa, mpima ladha wa wanunuzi, angekuja kijijini. Kahawa ya Mama Eliza ikipita, itauzwa peke yake kwa jina la shamba lake. Isipopita, itachanganywa na ya kila mtu, kama ilivyokuwa msimu uliopita. "Mwaka jana nililia," akasema, akaendelea kumenya ndizi.

Asubuhi yake, Mama Eliza alikwenda mtoni kuteka maji, akaniomba nimwangalizie maharage jikoni. Kando ya jiko palikuwa na ungo wa buni zilizokaangwa zikaachwa na rangi ya mdalasini. Maskini, nikasema moyoni, kuni zilimwishia. Kwetu buni ya rangi hiyo hata kuku hapewi. Nikaimimina kikaangoni, nikachochea moto, nikakoroga kama nilivyozoea barazani, mpaka ikawa nyeusi ti na moshi ukajaa jiko. Nilijisifu sana. Wahenga wamesema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mwenyeji alipoingia na ndoo yake hakupona. Aliketi chini.

"Yesu wangu! Ile ilikuwa ya mwonjaji. Ikiungua haonji kitu ila moshi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mjane wa watu amehangaika msimu mzima, na mimi nimeumaliza kabla maharage hayajaiva! Nikamshika magoti, nikamwomba radhi. Akafuta machozi, akasimama. "Kuna nyingine yenye ganda kichanjani. Twanga."

Nilitwanga. Nikapepeta. Nikapuliza maganda mpaka nikaona nyota. Kisha akanipa mwiko. "Kaanga wewe, mkono wako mwepesi. Mimi nitakwambia."

Buni zikaanza kupasuka, mkono wangu ukanoga.

"Simama!"

"Bado, mama, hata haijawa..."

"Simama, nimekwambia!"

Nikasimama. Wallahi, sijawahi kufanya jambo gumu kama lile. Tangu nirithi jiko la baba nimekaanga mpaka moshi. Moshi ulipokosekana, kwa mara ya kwanza nikasikia harufu ya buni yenyewe, tamu, na machozi yakanilengalenga.

Saa nane mwonjaji akafika, kijana mpole mwenye kijiko chake mfukoni. Akaisaga kahawa, akaimwagia maji ya moto, akasubiri, akachota kijiko, akakivuta mdomoni kwa kelele ya mfereji. Halafu akatema. Nilikuwa nimeshainuka nimfundishe adabu, Mama Eliza akanivuta kanga. Kijana akavuta kijiko tena, akatema tena. Mwishowe akaandika kitu, akatabasamu. "Mama, hii itauzwa peke yake."

Mama Eliza alinikumbatia nikakosa pumzi. Kisha akaonja kijiko chake cha kwanza maishani. Akafikiri. "Nzuri," akasema, "lakini chai ni chai."

Siku ya kurudi aliniuzia kilo tano, akaniwekea juu yake kifuko cha ile niliyoiunguza. "Uikumbuke," akanionya, akicheka.

Alasiri ya pili baada ya kufika Tanga nilikaanga barazani. Niliiacha ipite rangi ya mdalasini, maana kwetu ni kwetu, lakini ilipoanza kung'aa tu, kabla ya moshi, nikajiambia kwa sauti, "Simama!" Wapita njia wakageuka.

Mzee Athumani alipokea kikombe. Akakivuta kwa kelele, nami nikaogopa atatema. Akameza. Akanywa nusu, akapumzika, akamaliza, akaninyooshea kikombe kitupu nimwongeze.

"Baba yako," akasema, "alitunywesha makaa miaka mitatu kabla mkono wake haujajua kusimama."

Dele nusura linidondoke. "Na hamkumwambia?"

"Tungemwambiaje, mwanangu? Yeye mwenyewe alikuwa akiipenda. Tulikuwa tunakuja tu, kila siku, tunakunywa nusu."