Nilitafuta adui wa kumpenda Butembo ili nipewe mke Beni

Wakuu, amani kwenu nyote, mliokwisha kunywa chai na mnaoisubiri.

Haya yalinipata mimi mwenyewe. Mwenye shaka aje amuulize shangazi yangu, yupo hai, na atayasimulia vibaya zaidi kuliko mimi.

Mimi ni kijana wa Butembo. Nauza vipuri vya pikipiki, nakaa kwa shangazi, ni Mprotestanti wa kuzaliwa, naimba besi kwenye kwaya. Jina langu Katembo, na kwa kuwa nusu ya mji ni akina Katembo, msijisumbue kunitafuta.

Nilimpenda msichana wa Beni, Masika, wa commune ya Ruwenzori, mtaa wa mjini kule. Kwetu Wanande mahari ni mbuzi, na mbuzi nilikuwa nao tayari. Ilibaki kwenda kujitambulisha kwa baba yake.

Baba yake ni mzee wa kanisa. Ni mpole, lakini ule upole wa kuogopesha. Anakuangalia tu, na wewe unajikuta unakiri hata ambayo hujafanya.

Akaniuliza kazi, nikajibu. Akaniuliza kanisa, nikajibu. Kisha akaniuliza hivi:

"Katembo, tuko mu siku za mwisho. Adui yako ni nani, na unamufanyia nini?"

Nikasema sina adui. Wakuu, niliona nimejibu vizuri sana, hata nikaegemea kiti.

Mzee akatikisa kichwa. "Mutu hana adui, atajua namna gani kama anaweza kumupenda? Rudia kwenu, ufikiri. Siku utaleta mbuzi, utanijibu."

Masika akanisindikiza mpaka barabarani. Akaniambia, "Papa anauliza kila mutu ile swali, hata pasta. Hakuna mwenye alijibu akatosheka. Fanya nguvu, kama haiko vile atasema tungoje, na miye sitaki kungoja."

Basi nikarudi Butembo kutafuta adui. Mtu mzima na akili zangu.

Kando kidogo. Mnaweza kusema mkoa wetu hauna upungufu wa maadui. Ni kweli. Lakini wale waasi wa porini, wenye bunduki, huwezi kuwapelekea sahani ya maharagwe ukarudi. Mimi nilihitaji adui wa karibu, mwenye anwani.

Wa kwanza kumfikiria alikuwa jamaa wa duka la mbele yangu. Anauza vipuri kama vyangu, na wateja wangu wengi huishia kwake. Nikavuka barabara kwa unyenyekevu mkubwa, nikamshika mkono, nikamwambia nimekusamehe.

Akanitazama usoni. Akamwita mke wake: "Kuya uangalie Katembo, iko na malaria."

Wakanipa kiti, wakanipa chai ya tangawizi, wakatuma mtu anifungie duka ili nikapumzike. Huyo nikamfuta kwenye orodha.

Ndipo nikamkumbuka jirani yetu Papa Saidi.

Papa Saidi ni Muislamu, Munande mwenzetu, mzaliwa wa Beni. Ana Fuso, anabeba viazi na maharagwe kutoka Lubero. Kila alfajiri anawasha hiyo Fuso chini ya dirisha langu na kuiacha ingurume mpaka ipate joto, moshi wote unaingia kwenye neti yangu.

Nikawaza. Moshi ni mateso. Mateso ni dhiki. Dhiki ni dalili ya siku za mwisho. Hesabu ikakubali, na Papa Saidi akawa adui yangu bila yeye kuarifiwa.

Nikamweleza shangazi, naye akalipokea jambo hili kwa moyo wote. Akaanza kufunga na kuomba kwa ajili ya adui. Halafu akapika maharagwe na viazi, maana tulikumbuka ule mstari wa kumlisha adui yako ili makaa yamkae kichwani.

Nikapeleka sahani mchana. Papa Saidi akaipokea kwa mikono miwili, akaifunika, akaiweka juu ya kabati bila kuonja.

"Wasingya, mutoto yangu. Nitakula mangaribi." Wasingya kwetu ni asante.

Nilirudi nyumbani nikiruka. Nikamwambia shangazi, amekataa chakula changu, huyu ni adui halisi. Shangazi akanikumbusha kwamba ni Ramadhani.

Na kwetu mnajua sahani ya jirani hairudi tupu. Jioni ile ilirudi na sambusa. Nikapeleka fufu na sombe, yaani ugali na kisamvu, ikarudi na pilau. Nikapeleka kuku, kuku mzima wakuu, ikarudi na nusu ya mbuzi, na mtoto wa Papa Saidi akiuliza kama tumeshiba.

Nikaona makaa yanakaa juu ya kichwa changu mimi. Nilikuwa nashindwa vita na adui asiyejua kuna vita. Na nilikuwa nanenepa.

Mzee wa Beni akapiga simu. Nikamwambia, "Nimepata, Muzee. Ananitesa kila asubuhi, na miye namulisha."

Akashusha sauti. "Kweli? Na roho inakubali?"

"Inakubali kabisa."

"Siku ya mbuzi, kuya naye. Nataka nimuone."

Nikasema sawa, nikijua nitadai adui amepata safari. Ndivyo tunavyofanya, tunaitikia kwanza, kufikiri baadaye.

Baada ya Idi tukapanga kwenda. Papa Saidi alipopata habari akasema mbuzi wa jirani yake hawawezi kupanda gari la mtu mwingine, yeye yupo. Ningekataaje?

Asubuhi ya safari baba yangu mdogo, ambaye ndiye alikuwa wa kutusemea, akaamka na homa, hawezi hata kukaa. Ukoo ukaangaliana. Shangazi akasema Papa Saidi ni mtu mzima, anajua Kinande cha ndani na anajua kubishana bei, atusemee yeye. Wote wakakubali. Mimi nikapanda Fuso nikiomba Mzee awe amesahau swali lake.

Wakuu, yule baba anajua kusema. Upande wetu tulikaa kwenye viti vya plastiki, wakwe upande wa pili, na yeye katikati akinisifu: kijana wa kazi, wa sala, mwenye mkono wazi. Alinisifu mpaka nikatamani kukutana na huyo kijana. Mbuzi tuliodaiwa walianza kupungua. Mama mkwe alikuwa anatabasamu.

Ndipo Mzee akainua mkono. "Mbele ya kumaliza, Katembo. Adui yako iko wapi?"

Niliangalia chini. Nikaanza kukohoa. Shangazi akadhani nimesahau jibu, na baada ya kufunga kote kule hakutaka kazi yake ipotee. Akanisaidia kwa kidole.

"Si ndiye huyu."

Kidole kilikuwa kwenye kifua cha Papa Saidi.

Nyuma ya pazia nikasikia Masika amevuta pumzi.

Papa Saidi akanigeukia taratibu. "Donc, basi ile maharagwe yote, ulikuwa unaleta juu miye ni adui?"

Nikavuta kiti changu nyuma.

"Miye nilikuwa naambia batoto, muone, jirani anatukumbuka mu Ramadhani. Nilikuwa nabaambia vile."

Wakuu, niliona aibu mpaka masikio yakauma. Nimewahi kutukanwa na wateja sokoni mbele ya watu, haikufika hapo.

Nikamgeukia Mzee nikitegemea atanifukuza. Hakunifukuza. Alikuwa anaangalia mikono yake, na alipoongea sauti ilikuwa ndogo.

"Miye ile swali haikukuwa examen ya kukupima. Bale ba porini balichoma nyumba yangu kule Mutwanga. Nilikimbia na godoro ku kichwa. Kila siku nasoma ile mustari ya kupenda adui, nafika katikati, roho inagoma. Nauliza batu wote juu ya ile. Uliniambia ku telefone inakubali, nikasema, Mungu amenitumia mutu atanionesha."

Hapo nilitamani kurudi kwetu kwa miguu.

Papa Saidi akasimama. Nikajua ndiyo anaondoka na Fuso yake, na mke wangu amekwenda naye. Lakini alibeba kiti chake cha plastiki, akavuka katikati ya chumba, akakiweka kando ya Mzee, akakaa.

"Muzee, motokari yangu ya kwanza, balichoma ku barabara ya ile ile Mutwanga. Na miye roho inanigomea. Tutagoma pamoja."

Wakashikana mikono. Sisi wengine tukaangalia dari.

Kisha Papa Saidi akakohoa. "Sasa turudie ku mbuzi. Ile kijana nilimusifu sana, nilikosea. Aongeze mbili."

Mzee akacheka. Masika aliniambia baadaye kwamba hakuwa amemsikia babake akicheka hivyo tangu wahamie mjini. Akacheka mpaka akafuta macho, halafu akasema mbili ni haki, na binti ni wako.

Shangazi ndiye aliyetangulia kusema amina. Mbuzi wawili wa ziada aliwatoa yeye, kulipia kile kidole.

Kurudi Butembo, shangazi alikaa mbele na dereva. Mimi nilielekezwa nyuma, mahali mbuzi walipokuwa wamekaa, na mbuzi hawafagii. Mvua ikanyesha. Nilivumilia kimya, maana hayo ndiyo mateso ya kwanza niliyostahili.

Funzo nililopata ni hili. Kanisani tunaulizana sana Mkristo afanye nini na adui siku hizi za mwisho, na wengi tunajibu haraka kwa sababu adui wenyewe tumewatunga. Anayemjua adui wa kweli hajibu haraka. Anasoma mstari, anakwama, kesho anausoma tena. Na kabla hujampelekea mtu sahani ya msamaha, hakikisha kwanza kama amekukosea.

Juzi nilijikaza, nikamuuliza Papa Saidi kama amenisamehe.

Akafunga boneti ya Fuso, akapangusa mikono. "Bado. Lakini kila siku najaribu. Na weye ni adui ya rahisi, fikiria bale ba Muzee."

Haya, uwanja ni wenu. Mwenye adui wa kweli aniambie alianzia wapi, Mzee huwa ananiomba nimsomee majibu. Mwenye adui wa kutunga, amrudishie urafiki wake taratibu kabla shangazi hajainua kidole.